Kazi isiyo na adresi si kazi

Leo tuongee juu ya ujumbe wa namna moja ambao unaingia katika simu za vijana wetu. Maneno yanabadilika kidogo, lakini mwili wake ni uleule: «Kazi iko. Ni restora, mushahara muzuri, kulala na chakula bure. Transporti tutalipa sisi. Beba paka nguo zako, na usiambie watu wengi juu nafasi ni kidogo.»

Tuusome pole pole, kama vile negosia anavyoangalia dhahabu mbele ya kutoa pesa. Mshahara umetajwa. Chakula kimetajwa. Transporti imetajwa. Kitu gani hakiko? Jina la bosi hakuna. Adresi ya restora hakuna. Kontra hakuna. Mahali pa vitu hivyo vitatu, wameweka ombi moja tu: nyamaza. Nyinyi wachimbaji munajua kwamba jiwe linalometa halijawa dhahabu mpaka lipimwe. Kazi nayo ni vile. Isipokuwa na adresi, si kazi, na mtoto hapaswi kupanda gari kwa ajili yake.

Watu wengi wakisikia maneno «biashara ya watu», wanawaza minyororo, au gari linalokuja usiku kuiba watoto. Mambo ya kuteka watu tunayajua hapa kwetu, hatuna haja ya kufundishwa. Lakini mara nyingi mtoto haibiwi. Anaitwa. Na anayemwita ni mtu anayejulikana: jirani, tantini, rafiki wa masomo, dada wa kanisani aliyerudi kutoka migodini na nguo mpya na simu kubwa. Pengine huyo anayeita naye aliitwa zamani, na sasa anapewa kitu kidogo kwa kila msichana anayemleta. Ndiye komisioneri wa watu.

Sheria inasema nini? Protokoli ya Palermo, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2000, inaangalia mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumficha. La pili ni njia: nguvu, uongo, ao kutumia shida aliyo nayo. La tatu ni kusudi: kumnyonya, iwe kwa ngono, iwe kwa kazi ya bure. Kwa mtu mzima yanaangaliwa yote matatu. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, njia haiulizwi. Hata kama hakupigwa, hata kama hakudanganywa, hata kama yeye mwenyewe alisema ndiyo, kosa liko palepale. Ndiyo ya mtoto haihesabiwi.

Tena, hakuna pahali palipoandikwa kwamba lazima mpaka uvukwe. Kutoka Kadutu mpaka Kamituga ni kilomita karibu 180, na inatosha. Kutoka avenyu moja mpaka ingine ya Bagira, inatosha vilevile. Na nchi yetu haikosi sheria. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile inayolinda mtoto, inamwekea anayeteka ao anayeuza mtoto kifungo cha miaka 10 hadi 20. Sheria nambari 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022 imeingiza biashara ya watu ndani ya kitabu cha adhabu, kwa wakubwa na kwa watoto. Kwa hiyo mtu asiwaambie tena «hii ni mambo ya familia». Hapana. Ni mambo ya parke na tribinali.

Sasa tuseme ukweli unaouma. Tunapowaonya watoto juu ya nchi za mbali, tusisahau kwamba migodi yetu ndiyo mojawapo ya mahali wanapopelekwa. Msichana wa miaka 15 anaambiwa atatumika restora. Akifika, mwenye nganda anafungua daftari: transporti ni pesa hii, kitanda ni pesa hii, nguo ya kuvaa mbele ya wateja ni pesa hii, chakula cha juzi na jana ni pesa hii. Simu yake inawekwa «kwa usalama». Karata yake ya masomo inawekwa «kwa usalama». Kila asubuhi deni linapanda, na kila jioni anaonyeshwa namna ya kulilipa. Wazee walisema ahadi ni deni. Kwa komisioneri nayo ahadi ni deni, lakini anayelipa ni mtoto.

Na mteja ni nani? Si mgeni kutoka Ulaya. Ni mtu aliyetoka shimoni na gramu zake, anayetaka kusahau giza la chini. Tunawaambia kwa heshima, kwa sababu tunajua taabu yenu: kama hakuna anayenunua, daftari ile haina kazi. Mchimbaji anayelala na msichana wa umri wa binti yake analipa transporti ya msichana atakayefuata. Na yule atakayefuata anaweza kutoka kwenye avenyu yake mwenyewe, huku Bukavu, wakati yeye yuko migodini anatafuta minervali.

Ilihitajika ugonjwa ili dunia iangalie ndani ya nyumba hizo. Mwisho wa mwaka 2023, mpox ya aina mpya ilitambuliwa Kamituga. Waganga waliofuata wagonjwa wa kwanza waliona kwamba maambukizi mengi yalipitia ngono, na kwamba wengi walikuwa watu wa nganda: wanaotumika humo na wanaokuja kunywa. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Ugonjwa ulivuka mipaka na kufika mpaka Sweden. Hatusemi hivi ili kuwatupia mawe wale wanawake. Tunasema kwamba wapimaji walikuja na sindano na vitabu vyao kuhesabu vidonda. Nani alikuja kuhesabu miaka ya wasichana?

Wavulana nao tusiwaache. Kwa sheria yetu, karata ya mchimbaji wa mikono inapewa mtu mzima tu. Walakini tunaona watoto wanabeba mifuko, wanaosha mchanga, wanashuka pale ambapo mkubwa hapiti. Mara nyingi mambo yanaanza kama kule nganda: mtu amempa chakula, amemkopesha buti na tochi, kisha anamwambia hatatoka mpaka shimo «litoe». Mvulana anayefungwa na deni la buti amefungwa kweli, hata kama hakuna kamba.

PDG wa mashimo wajue pia kwamba kuna hasara upande wao. Wakaguzi wanapokuja kuupa mgodi rangi, kijani, njano ao nyekundu, wanatafuta kama kuna watu wenye silaha, na wanatafuta kama kuna watoto. Kuwaacha watoto shimoni ni kuhatarisha soko la wakubwa wote wanaouzisha kwa haki.

Lakini kuna jambo linalopita soko. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kali, mashimo ya Detroit, pale Kamituga, yaliporomoka. Serikali ya jimbo ilitangaza vifo karibu 50, wengi wao vijana. Siku kama ile kila familia inakimbia kuuliza: wetu yuko wapi? Mtoto aliyekuja kwa siri, ambaye jina lake halikuandikwa popote, nani atamuuliza? Nyumbani wanafikiri yuko restora. Juu ya hii tunarudia neno adresi: si karatasi tu. Ni kamba ambayo tunaweza kumvutia mtu wetu nayo.

Tutoke sasa nje ya nchi, kwa sababu ujumbe uleule unaitia pia Dubai, Muscat na Riyadh. Bukavu haina ndege ya kwenda huko moja kwa moja. Kwa hiyo msichana atavushwa mpaka kwanza, atalazwa katika nyumba ya mtu asiyemjua, na pasipoti itashikwa na «mkubwa wa safari». Akifika, anaingia katika utaratibu unaoitwa kafala: viza yake imefungwa kwa bosi wake. Akitoroka, yeye ndiye anakuwa mwenye kosa. Mwaka 2017, shirika la Human Rights Watch lilikusanya maelezo ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumba Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza pasipoti kunyang'anywa, mishahara kukatwa, na kazi ya hadi masaa 21 kwa siku. Wapo waliopata bosi mwema na kujenga nyumba kwao, hatukatai. Lakini aliyepata bosi mbaya hakuwa na mlango wa kutokea.

Mitego mipya inawatafuta hata waliosoma. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliahidiwa kazi ya ofisi nchini Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka na kufungiwa Myawaddy, nchini Myanmar. Huko walilazimishwa kukaa mbele ya kompyuta mchana na usiku, kujifanya wapenzi wa watu kwenye intaneti na kuwaibia. Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu wa nchi nyingi walitolewa katika majumba hayo. Na mwezi wa Oktoba 2024, shirika la habari Associated Press lilieleza habari ya wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi za Afrika, pamoja na majirani zetu Uganda na Rwanda. Walivutwa na matangazo ya mitandaoni ya kazi na masomo nchini Urusi, katika eneo la Tatarstan. Wengi walifikiri ni mambo ya hoteli. Walipangwa kuunda droni za vita.

Basi mtoto wenu akiandikiwa «chérie» na mtu asiyemjua, ajue mambo mawili. Yule wa upande wa pili anaweza kuwa si yule wa kwenye foto. Na pengine naye ni mfungwa, mwenye mtu nyuma yake anayemhesabia pesa.

Simu haileti tu ahadi ya safari. Inaweza kumnyonya mtoto akiwa amekaa palepale kitandani kwake, Panzi ao Nyawera. Njia yake ni fupi. Mtu anaomba urafiki kwa Facebook ao TikTok. Baada ya siku chache anasema: tuhamie WhatsApp. Anatuma foto ya uchi anayosema ni yake, anaomba ya mtoto. Ikishafika tu, sauti inabadilika: «Tuma pesa, ao naituma kwa papa yako, kwa mchungaji, kwa grupu ya klasi.» Ni biashara kubwa. Mwezi wa Julai 2024, kampuni ya Meta ilitangaza kwamba imefunga akaunti karibu 63,000 za Nigeria zilizohusika na ulaghai wa namna hii. Na wavulana wanakamatwa kama wasichana. Tena wao wananyamaza zaidi.

Mambo haya yakimpata mtoto, mufanye hivi. Asilipe: anayelipa mara moja ataombwa mara ya pili, kwa sababu ameonyesha kwamba pesa iko. Asifute kitu: mukamate foto ya sikrini, yenye jina la akaunti, namba na saa. Kisha afunge njia, amzuie mtu yule, na kuripoti akaunti yake kwa kampuni. Iko pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya wale ambao foto zao zilipigwa mbele ya miaka 18. Foto haitoki kwenye simu yako. Inapewa alama kama ya kidole, na kampuni zilizoingia katika mpango huo, Facebook, Instagram na TikTok wakiwemo, zinaitumia alama hiyo kuizuia. Na kwa upande wa sheria, kitabu cha mambo ya kidijitali cha tarehe 13 Machi 2023, ordonansi-sheria nambari 23/010, kinaadhibu foto na video za ngono za watoto. Kwa hiyo mkubwa anayezigawa «kwa kucheka» kwenye grupu naye anafanya kosa.

Lakini dawa ya kwanza iko mdomoni mwa mzazi. Mtoto anayejua kwamba papa atampiga, kwamba mama atamfukuza, hatasema. Atamtii yule wa kwenye simu. Nguvu yote ya mnyang'anyi ni haya ya mtoto na hasira yetu. Mutoe hasira, nguvu yake inapungua nusu. Mtoto akisema, mumwambie maneno mawili kwanza: «Umefanya vizuri kuniambia. Tutatoka wote.» Mafundisho yatafuata kesho.

Namna hiyohiyo kwa msichana anayerudi kutoka nganda. Kuna nyumba ambazo zinamfungia mlango, eti ameleta haya. Mlango huo ukifungwa, komisioneri wake amebakia jamaa pekee aliye naye. Kama ametendewa kwa nguvu, musingoje baraza la familia: mumpeleke hospitali ndani ya masaa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafanya kazi mbele ya muda huo kupita. Hapa Bukavu tuko na Panzi, hospitali aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, mwanamke Muyazidi wa Iraki ambaye yeye mwenyewe alitekwa na kuuzwa. Murad alirudi, akasema kwa jina lake na kwa uso wake, na dunia ikamsikiliza. Aliyeuzwa si mtu aliyeisha.

Tunajua munachotaka kutujibu. «Bandugu ba gazeti, tutakula adresi?» Ni swali la haki. Masomo ya msingi ya serikali yalitangazwa bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na ndipo hasa mtoto anafikia umri ambao komisioneri anamtafuta. Tangu M23 iingie Bukavu mwezi wa Februari 2025, banki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ulinyamaza, kazi nyingi zilikufa. Tena hata mzazi anayetaka kushitaki anajiuliza: leo ofisi ni ipi, na anayekaa ndani ni nani? Hatuwezi kuwaambia vijana wabakie nyumbani na njaa. Kijana aende, atafute; mababa zetu nao walienda. Tunachoomba ni kwamba aende akijulikana.

Kwa hiyo mbele ya mtoto yeyote kupanda gari, pikipiki ao boti, familia iulize maswali matano. Bosi anaitwa nani, majina yote? Mahali ni wapi: mji, kartiye, avenyu? Nani anatumika pale sasa hivi, ambaye tunaweza kumpigia leo jioni tusikie sauti yake? Transporti ni zawadi ao ni deni, na kama ni deni, ni pesa ngapi, mbele ya watu wawili? Nani atashika karata ao pasipoti, kama si mwenyewe? Kwa anayekwenda nje ongezeni la sita: viza ni ya kazi ao ya kutembea? Viza ya kutembea haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Anayetaka kumchukua mtoto wenu kwa nia njema atajibu maswali haya bila kukasirika. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Na familia ipatane neno moja la siri, neno la kawaida tu, jina la chakula ao la nyanya. Mtoto akilisema kwenye simu, mujue hayuko huru kuongea.

PDG na koperativi, tunawaomba daftari moja: jina la kila anayetumika shimoni, umri wake, na namba ya mtu wa kwao. Asiyefika miaka 18 asishuke, na namba ya kwao ipigwe siku ileile. Wenye nganda, mumeonywa na sheria. Wamotari na madreva, nyinyi munaona kila kitu. Msichana mdogo anayesafirishwa na mtu ambaye hajui hata jina la mama yake, muulize. Wamama watwangaji, munajua ni nyumba gani inapokea wasichana wapya kila mwezi. Kikundi chenu kikienda kubisha pale watu kumi pamoja, hakuna atakayewadharau.

Wakubwa wa serikali nao tuwaambie. Tangu mwaka 2019 Kinshasa kuna wakala wa kuzuia na kupambana na biashara ya watu, APLTP. Sheria zimeandikwa, tena nzuri, lakini zimeandikwa kwa Kifaransa, na mchimbaji wa Misisi hatazikuta shimoni. Zisomwe kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kilega, kwa Kibembe, ndani ya radio za migodini na ndani ya kanisa na msikiti. Sheria ambayo mama haielewi haimlindi mtoto wake.

Sisi hapa tutaendelea kuandika. Nyinyi, jioni ya leo, mukae na watoto wenu, simu iwe katikati ya meza, na muwaombe wawaonyeshe ujumbe wa kazi waliopata wiki hii. Musome pamoja. Mutafute adresi.